Kwa nini wakili wa upande wa pili alinipa karatasi iliyomwangusha mwenyewe?

#1 Toga_Ndefu
Jambo yenu wana-Lubumbashi, na wengine wote. Nina swali linaloninyima usingizi tangu mwezi wa tatu, na siwezi kumuuliza patroni wangu kwa sababu naye yumo ndani ya swali.

Mimi ni avoka wa staji, mwaka wa pili. Kwa wasiojua mambo ya Kongo: ukitoka fakulte ya sheria unaapa mbele ya Mahakama ya Rufaa, halafu unakaa miaka 2 chini ya mkubwa mmoja, ndiye patroni, ndipo uandikwe kwenye orodha ya mawakili kamili. Miaka hiyo 2 unabeba dosiye za watu, unapanga foleni kwa makarani, unaomba remizi, yaani kesi isogezwe tarehe nyingine. Mama mkwe akikuuliza unasema "niko kabine", yaani ofisi ya mawakili. Mwenye nyumba akikuuliza unanyamaza.

Sasa. Saa mbili usiku patroni ananipigia: "Kesho niko Kolwezi. Kuna dosiye ya Katuba, mjane na shemeji yake. Ukaombe remizi tu. Usiongeze neno." Asubuhi nikaikuta dosiye kwa sentineli, yaani mlinzi. Toga yangu ilikuwa kwa fundi, nikaazima ya mwenzangu ambaye Mungu alimpa urefu wa watu wawili. Niliingia mahakamani nimeikusanya mbele kwa mikono kama bibi harusi anayevuka tope.

Kesi yenyewe: baba amekufa, ameacha mjane na watoto 4. Mdogo wa marehemu anasema parseli, yaani kiwanja, ni ya ukoo, baba yao aliipata enzi anafanya kazi kampuni ya madini ya Gécamines. Anayo livreti ya lojeri, kile kitabu cha zamani cha mwenye nyumba, chenye jina la babu. Sisi tulikuwa na risiti za maji na mashahidi 2. Mmoja amehamia Likasi, wa pili anawachanganya marehemu na aliye hai.

Kwenye korido nikamkuta avoka wa shemeji. Mzee wa siku nyingi, wale ambao karani akiwaona anatafuta kiti. Akaniita: "Mwanangu, hii toga ni ya nani?" Akanifunga rabati yangu, kile kitambaa cheupe cha shingoni, nilikuwa nimekigeuza nyuma mbele. Halafu akatoa bahasha kwenye koti: "Soma kabla hawajatuita." Akaenda kukaa.

Ndani kulikuwa na PV ya baraza la familia ya mwaka 1998, imepigwa taipureta. Babu, mbele ya wanawe wote, anasema parseli ile amempa mwanawe wa kwanza, ndiye aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Sahihi 5. Ya tatu ni ya shemeji. Mteja wa mzee mwenyewe!

Tulipoitwa remizi ilikuwa imenitoka kichwani. Nikasimama, nikakanyaga toga, nikasema tuko tayari. Nikaitoa karatasi. Prezida akanitazama juu ya miwani akauliza lile swali kila avoka analijua: "Piesi hii mwenzako amepewa?" Piesi ni karatasi ya ushahidi. Ulimi ukaganda. Niseme nini, kwamba ndiye aliyenipa? Nikasema: "Anaijua." Prezida akamgeukia mzee. Mzee hakuinua hata kichwa: "Naijua." Ilipofika zamu yake alisimama akatamka sentensi moja, "Ninajiachia kwa hekima ya mahakama", akakaa. Mteja wake kule nyuma alikuwa anaitikia kwa kichwa, akidhani hayo ndiyo maneno makali aliyolipia.

Mjane alishinda. Patroni alinifokea siku mbili ("nilikutuma remizi, remizi!"), siku ya tatu akaenda kuchukua onorere yake, yaani malipo ya avoka. Mimi nilipata dola 20 na nauli. Shemeji amekata rufaa na avoka mwingine.

Swali langu ni moja: kwa nini mzee alinipa?

#2 Kijana_wa_Kenya
Hajalipwa. Uzi ufungwe.

#3 Bin_Tabora
Karibuni na huku Tanzania. Kwanza, hii ni chai. Pili, hata kama ni chai ni ya maziwa, nimesoma hadi mwisho. Tatu, PV ni nini? Na #2, wewe ni wa Kenya ipi, ya Nairobi?

#4 Kijana_wa_Kenya
Kenya ni komine ya Lubumbashi, ndugu. Tuna soko kubwa na barabara yenye mashimo ambayo tumeyapa majina. Nairobi hatujafika.

#5 Toga_Ndefu
#3, PV ni karatasi ya kumbukumbu: nani alikuwepo, nani alisema nini, wote wanatia sahihi. Baraza la familia likikaa, kuna mtu anaandika PV. Na chai kwetu ni kinywaji, sijaelewa.

#6 Bin_Tabora
Chai maana yake stori ya kutunga. Endelea, nimeongeza sukari.

#7 Mama_wa_Mpakani
Namuunga mkono #2. Mimi ninafanya biashara ya unga kupitia Kasumbalesa, nilikuwa na kesi ya gari lililogonga mzigo wangu. Avoka alitaka nusu kwanza. Nikampa robo, nikasema robo nyingine siku ya kesi. Siku ya kesi malaria ikamshika. Nikampelekea robo ya pili pale pale nyumbani kwake, malaria ikapona kabla sijamaliza kunywa maji niliyopewa. Kwa hiyo mzee hakulipwa, akasema haya, na mimi nitakuonyesha.

#8 Konfreri_Kampemba
Mama #7, pole, lakini msituweke wote gunia moja.

Mimi ni avoka, mwaka wa 9 kwenye orodha. Hapa hakuna fumbo. Kanuni ya kazi yetu inataka avoka ampe mwenzake piesi zake kabla ya kutetea. Hakuna kumrukia mtu na karatasi asiyoijua. Ndiyo maana prezida aliuliza. Mzee alitimiza wajibu. Tatizo ni kwamba vijana wa leo mmezoea watu wasiotimiza, mkimwona anayetimiza mnaanzisha uzi.

#9 Kijana_wa_Kenya
Maitre, unampa mwenzako piesi UNAZOTUMIA. Yeye alitumia hiyo PV? Alimpa kisu mtu wa kumchinja halafu unaniambia ni kanuni.

#10 Konfreri_Kampemba
Huenda alitaka kuitumia kwa namna nyingine, akabadili mawazo. Hatujui konklizyo zake, yaani hoja zake za maandishi, ziliandikwa nini. Toga_Ndefu, PV ilitajwa kwenye konklizyo zake?

#11 Toga_Ndefu
Haikutajwa popote. Nimezisoma mara 6. Zilikuwa kurasa 2 tu, zote livreti, livreti, livreti.

#12 Grefie_Mustaafu
Jambo yenu batoto. Mi nilitumika mu grefi, ofisi ya bakarani ba tribinali, miaka 27. Ile neno ya "ninajiachia ku hekima ya tribinali" nilikuwa ninaisikia kila siku, na iko na mafasirio tatu. Ya kwanza, avoka hakusoma dosiye. Ya pili, alisoma akaona hakuna kitu ya kusema. Ya tatu, kliya yake eko nyuma anamuangaria, na yeye anapenda kusema kweli bila kuisema. Kama ule muzee njo mwenye ninafikiria, ule hawezi kukosa kusoma dosiye. Alikuwa anakuya mu grefi saa moja ya asubui, mbele ya sisi benyewe.

#13 Bin_Tabora
Mzee #12, Kiswahili chako nimekisoma kwa sauti mke wangu akauliza ni redio gani. "Kliya" ni mteja?

#14 Grefie_Mustaafu
Njo vile. Mwenye analipa. Ao mwenye alisema atalipa.

#15 Shangazi_Ruashi
Mzee unayemfikiria ni nani? Herufi ya kwanza tu.

#16 Msimamizi
Hakuna majina hapa. Wala herufi.

#17 Mwanafunzi_Kasapa
Samahani wakubwa, mimi niko lisansi ya kwanza hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Naona mnazunguka bure. Hata bila PV mjane angeshinda. Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za familia, inasema mali ya marehemu yote ni ya watoto, shemeji hana kitu. Mzee alijua ameshashindwa, akaona afadhali amalize mapema akanywe chai. Ya kweli, #3.

#18 Konfreri_Kampemba
Mwanafunzi, mtihani ni lini? Soma tena. Kodi ya Familia ni sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa 2016. Watoto ndio warithi wa kundi la kwanza, wanapata robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, na humo yumo mjane, wamo wazazi wa marehemu, wamo NDUGU zake. Kwa hiyo shemeji ana kipande, kidogo lakini anacho. Halafu mjane ana haki ya kuendelea kuikalia nyumba aliyoishi na mumewe.

Lakini yote hayo ni kama parseli ilikuwa ya marehemu. Shemeji hakudai urithi wa kaka yake, alidai kwamba mali ni ya babu, haikuwahi kuwa ya kaka. Bila PV, livreti ya babu ingekuwa na nguvu. Ukitaka kulala vizuri kwenye parseli ya Kongo tafuta sertifika ya msajili wa hati za ardhi, sheria ya 1973 haitambui kingine. Katuba nzima wangapi wanayo? Watu wanarithishana vitabu vya enzi ya Mbelgiji.

#19 Mwanafunzi_Kasapa
Asante Maitre. Mtihani ni Alhamisi.

#20 Kijana_wa_Kenya
🤣🤣🤣

#21 Aliyeacha_Toga
Nimesoma nikatabasamu. Na mimi niliapa. Staji yangu ilidumu miezi 14, sasa nauza saruji na misumari, na mteja wangu hawezi kuomba remizi.

Nitawaambia kisa kinachohusu, mwisho wake mtaona. Mwezi wangu wa pili nilitumwa kituo kimoja cha polisi kumwona kijana aliyekamatwa kwa simu ya wizi. Ijumaa jioni. Alikuwa ndani tangu Jumatano asubuhi. Nikafungua Katiba, ile ya 2006, nikamsomea ofisa kifungu cha 18: mtu hakai ndani kwa polisi zaidi ya masaa 48, baada ya hapo aachiwe au apelekwe mbele ya anayestahili. Nilisoma kwa sauti ya kiapo. Ofisa akasikiliza kwa heshima hadi mwisho, akasema: "Maitre, hayo ni masaa ya kazi. Usiku hatuhesabu, tumelala." Wenzake hawakucheka. Ndipo nikajua hasemi utani.

Nilikaa kwenye benchi hadi saa nne usiku. Akatokea avoka mkubwa, wa upande wa mwenye simu. WA UPANDE WA PILI. Alikuja na karatasi ya dukani: simu ilinunuliwa na yule kijana miezi 5 kabla. Akampa ofisa, akamsemesha kidogo pembeni, kijana akatoka. Nikamfuata nje nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nina njaa, na nisingeweza kula." Akawasha gari.

Nilifikiria sana hilo jibu. Baadaye nikaja kujua kwamba mwenye simu alikuwa shemeji yake na walikuwa wamekosana kuhusu mahari. Basi sasa sijui ilikuwa njaa au mahari.

#22 Mama_wa_Mpakani
Ilikuwa mahari.

#23 Shangazi_Ruashi
Ilikuwa njaa. Mwanaume akisema ana njaa mwamini.

#24 Avoka_wa_Golf
Nimechelewa. Wote mnamsifu au mnamshuku mzee, hakuna anayemwonya binti. Toga_Ndefu, alipokupa bahasha, alisema "kwa imani ya palais"? Maana kuna vitu mawakili hupeana kwa imani hiyo, vya kujadiliana ninyi wawili tu, na havitolewi mbele ya hakimu. Ukivitoa, mwenzako anaweza kukupeleka kwa batonie, mkuu wa mawakili. Stajieri aliyeshtakiwa kwa batonie, mwaka wa pili, karibu na kuandikwa kwenye orodha... Wazee wengine wana mitego mizuri kuliko ya panya.

#25 Toga_Ndefu
Maitre umenitia homa. Hakusema hivyo. Alisema "Soma kabla hawajatuita", maneno matatu. Na alikiri mbele ya prezida kwamba anaijua. Angekuwa na mtego si angesema "prezida, hii ni siri ya mawakili"?

#26 Avoka_wa_Golf
Mtego mzuri haufungi siku hiyo hiyo. Lakini nakubali, "naijua" yake inakuokoa. Weka nakala ya karatasi ya kikao.

#27 Grefie_Mustaafu
Avoka wa Golf, we unaonaka mitego fasi yote. Ule muzee atafanya mutego ku kamtoto ka staji juu ya nini? Juu ya dola 20?

#28 Mjomba_Liège
Salamu kutoka Ubelgiji, mimi ni mtoto wa Kamalondo. Wazee wa kizazi hicho walikuwa wengine. Vyuo vikuu vilipounganishwa 1971 kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, sheria ilifundishwa Kinshasa, kwa hiyo mtu wa Katanga alipanda treni na boti, au ndege kama alikuwa na bahati, akaenda kuishi mbali na kwao miaka 5. Walirudi wachache, wanajuana wote, neno la mmoja ni neno la wote. Kuficha karatasi ya kweli ilikuwa aibu kwao. Nadhani ni hilo tu.

#29 Mama_wa_Mpakani
Mjomba, aliyenila robo mbili alisoma huko huko Kinshasa miaka hiyo hiyo. Aliniambia mwenyewe, nikimsubiri apone.

#30 Mjomba_Liège
Mama, sina la kusema. Ninajiachia kwa hekima ya uzi.

#31 Fundi_Taipu
Mimi si mwanasheria, nina kibanda cha kuandikia watu barua na kutoa fotokopi. Toga_Ndefu, hiyo PV ya taipureta, tazama herufi. Kila mashine ina kilema chake, kuna inayopandisha "e", kuna ambayo "o" imetoboa karatasi. Tafuta barua yoyote ya zamani ya kabine ya mzee, linganisha. Mimi nahisi PV aliiandika yeye. Mwaka 1998 alikuwa avoka wa babu! Ndiyo maana nakala ilikuwa mkononi mwake, na ndiyo maana hakuweza kusimama kuikana.

#32 Kijana_wa_Kenya
Eeeh Fundi! Huyu ndiye mpelelezi tuliyekuwa tunamngoja.

#33 Konfreri_Kampemba
Kama aliwahi kumshauri babu kuhusu parseli hii hii, hakutakiwa kumchukua shemeji kuwa mteja tangu mwanzo. Huo ni mgongano. Basi angejiondoa.

#34 Shangazi_Ruashi
Labda alisahau. Miaka mingapi imepita? Mimi nimesahau nilikoweka meno ya baba watoto.

#35 Toga_Ndefu
Nimerudi baada ya siku 4, samahani, nilikuwa kwenye foleni ya msajili.

Fundi, nimefanya ulivyosema. Kwenye dosiye nyingine ya kabine yetu nikakuta barua ya mzee ya 2001. "e" inaruka juu ya mstari. Kwenye PV, "e" inaruka. Nikatetemeka. Nikakimbia kwa karani mmoja mkongwe, nikamwonyesha zote mbili. Akacheka hadi akavua miwani. Anasema miaka hiyo kulikuwa na mpiga taipu mmoja aliyekaa nje karibu na mahakama, chini ya mti, nusu ya mawakili wa mji walimpelekea kazi zao, na familia za Kenya na Katuba pia. "e" ile ni ya mji mzima.

#36 Fundi_Taipu
Aaah. Basi alikuwa mwalimu wangu. Mashine aliniachia mimi, bado iko hapa chini ya meza, "e" bado inaruka. Sikuwahi kufikiri.

#37 Bin_Tabora
Ngoja. Hapa sasa nimeacha kusema ni chai.

#38 Mama_Safi_wa_Katuba
Mimi ni mjane. Siyo huyo, mwingine. Nimesoma posti 37, mmezungumzia mzee, shemeji, patroni, "e". Hakuna aliyeuliza mjane alikuwa anafanya nini muda wote huo.

Mume wangu alipokufa, kilio hakijaisha, shemeji zangu walihesabu viti. Sikwenda kwa avoka kwanza. Nilikwenda kwa wazee wanaoheshimiwa na shemeji zangu, mmoja mmoja, jioni, na kuku mkononi. Kama nilikuwa na karatasi niliipeleka kwa mtu ambaye atasikilizwa. Toga_Ndefu, mwulize mteja wako kama aliwahi kufika nyumbani kwa huyo mzee.

#39 Toga_Ndefu
Mama, umenikumbusha kitu. Tulipotoka, mjane alimpigia mzee makofi ya salamu, yale ya viganja vilivyokunjwa, na magoti yakainama. Nilifikiri ni heshima tu, anafanya hivyo kwa kila mwenye mvi. Na nilipomwonyesha PV mwanzoni, kule korido, hakushangaa. Alisema "Eh, iyo." Basi.

Nimempigia simu leo. Nimeuliza. Amesema: "Maitre, mzee yule ni mtu wa Mungu." Nikauliza, ulifika kwake? Akasema: "Kwake ni mbali." Kisha akaniuliza kama nimekula.

#40 Mama_Safi_wa_Katuba
Basi umejibiwa.

#41 Avoka_wa_Golf
Hajajibiwa. "Kwake ni mbali" si ndiyo wala si hapana. Na kama mjane alikuwa na PV, kwa nini asiipeleke kwa avoka wake mwenyewe? Anampa adui?

#42 Mama_Safi_wa_Katuba
Maitre, avoka wake mwenyewe alikuwa anakwenda Kolwezi.

#43 Kijana_wa_Kenya
🔥🔥 Mama amepiga bao kama Mazembe enzi zile.

#44 Shangazi_Ruashi
Usilete Mazembe, hapa kuna watu wa Lupopo.

#45 Aliyeacha_Toga
Tukirudi kwenye bahasha. Toga_Ndefu, juu yake iliandikwa nini? Jina lako? La patroni? Kama ni jina la patroni, basi walikuwa wamepanga wao wawili, na "nenda kaombe remizi" ilikuwa ya kukuweka mbali. Ulichoharibu ni mpango wa wakubwa.

#46 Konfreri_Kampemba
Hilo nalo linawezekana. Mapatano: mzee anampa patroni karatasi, patroni anakaa nayo, shemeji anaogopeshwa, wanagawana parseli nje ya mahakama, kila avoka anachukua chake. Remizi ilikuwa ya kutafuta muda. Sasa naelewa patroni alifoka nini.

#47 Toga_Ndefu
Patroni alifoka kwa sababu hufoka. Hata mvua huifokea. Lakini bahasha sikuitupa, iko nyumbani. Naitafuta.

#48 Bin_Tabora
Tunasubiri. Mke wangu naye anasubiri.

#49 Grefie_Mustaafu
Mi ningali pale ku jibu yangu ya tatu. Na tena, rufaa iko na siku 30 tangu mutu apewe jugema, ile hukumu, mu mukono. Huyu shemeji alikimbia ku rufaa siku gani? Kama ni siku ya pili, alikuwa na hasira ku avoka wake, alielewa. Kama ni siku ya 29, kuna mwenye alimuelezea.

#50 Toga_Ndefu
Siku ya 28.

Nimeipata bahasha, ilikuwa ndani ya kitabu cha sheria ya ardhi, nilikuwa nimeifanya alama ya ukurasa. Hakuna jina. Kuna mwandiko wa kalamu ya bluu, wa mzee bila shaka, nimeufananisha na sahihi yake: "mkate, sukari, dawa ya presha, betri mbili za redio".

#51 Kijana_wa_Kenya
Alikosea bahasha!!! Alitaka kukupa nyingine. Mzee wa watu alikwenda dukani bila orodha.

#52 Mama_wa_Mpakani
Akikosea bahasha angesema "naijua"?

#53 Shangazi_Ruashi
Angesema nini tena, mbele ya prezida? "Samahani, nilidhani nimempa betri za redio"?

#54 Konfreri_Kampemba
Au alichukua bahasha yoyote iliyokuwa karibu kwa sababu aliamua asubuhi hiyo hiyo. Mtu anayepanga hununua bahasha mpya.

#55 Avoka_wa_Golf
Mtu anayepanga VIZURI hutumia bahasha ya zamani.

#56 Mama_Safi_wa_Katuba
Dawa ya presha. Muulizeni Toga_Ndefu, mjane anauza nini.

#57 Toga_Ndefu
Sambaza, wale samaki wadogo, na unga wa muhogo, soko la Katuba. Mama, umenichosha akili. Jana nilimwona mzee kwenye ngazi. Nilijipanga kumuuliza, kabisa. Akanitangulia: "Toga yako imerudi kwa fundi?" Nikasema imerudi. Akasema "Vizuri", akashuka.

#58 Kiapo_Wiki_Ijayo
Habari zenu, uzi mtamu, nitausoma wote baadaye. Ninaapa wiki ijayo na sijapata toga. Yule mwenye toga ndefu bado anaazimisha? Mimi nina mita 1 na 90.

#59 Toga_Ndefu
Njoo inboksi. Pindo limechanika mbele, nilipokanyaga.